Wingu kwenye Kichwa cha Mzee Unga

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nampiga, namkunja, namfunika alale. Akiamka, amenenepa."

Mzee Unga hakujibu. Si kwamba hakujua. Wembe ulikuwa umeshafika kichwani, na wembe ukiwa kichwani hakuna kucheka, hakuna kugeuka, hakuna kusema hata "mm". Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, taulo mabegani, macho ameyafumba. Nyuma yake alisimama mkewe. Mkewe aliupitisha wembe taratibu kutoka utosini hadi kisogoni. Kisha akauchovya kwenye kikombe cha maji na kuugonga ukingoni. Tik! Hapo sasa mdomo unaruhusiwa.

"Donge la mkate!" mzee akadaka. "Mke wangu, leo umenidharau. Mtu anakanda unga tangu ujana wake, halafu unamtegea donge?"

"Nilitaka ukae kimya. Umekaa, hukukaa?"

"Nimekaa."

"Basi limefanya kazi yake."

Wakacheka wote wawili, wembe ukiwa salama ndani ya kikombe.

Mzee huyu alikuwa mwoka mikate. Watu walimwita Mzee Unga kwa sababu unga ulimfuata mpaka nyumbani. Ulikuwa kwenye viatu, kwenye nyusi, hata ndani ya masikio. Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Ukitaka shati lako likukae sawasawa, unampelekea Fundi.

Kila Jumamosi alasiri, mzee akitoka kazini, Fundi alimnyoa. Alianza kumnyoa wakiwa bado vijana. Chumba cha mikate kina tanuri kubwa, na tanuri lina joto. Nywele za mzee zikiota kidogo tu, kofia yake ya kazi humwasha mpaka anakosa raha. Kwa hiyo alitaka kichwa kinyolewe upara, kiwe laini kama yai.

Kisogoni, upande wa kushoto, mzee alizaliwa na kinundu cheusi, kidogo kama punje ya dengu. Fundi alikijua kinundu hicho kama anavyojua kifungo cha shati. Wembe ukikikaribia, alikizunguka. Alikuwa hajawahi kukigusa hata mara moja.

Miaka yote hiyo walitumia kipande cha sabuni ya kuogea. Fundi alikisugua viganjani, akapaka povu jepesi, akanyoa. Kichwa kilitakata. Lakini kila baada ya siku chache kilianza kutoa vumbi jeupe. Fundi alilipangusa kwa kitambaa na kusema, "Huu unga wenu jamani, unapenya mpaka kwenye kofia!" Na mzee alikubali. Mwoka mikate atashangaa nini akiona unga kichwani?

Siku moja binti yao mkubwa alikuja kuwasalimia. Baba yake alikuwa nyumbani tangu jana yake, hajagusa unga. Binti akapitisha kidole kwenye upara wa baba yake. Akakitazama kidole.

"Baba, huu si unga."

"Ni nini basi?"

"Ni ngozi. Kichwa chako kimekauka, kinabanduka."

Fundi akasogea, akavaa miwani, akatazama. Kweli. Miaka yote hiyo amekuwa akipangusa ngozi ya mume wake, akiulaumu unga.

"Sabuni ndiyo inakukausha," binti akasema. "Nitawaletea kitu cha kisasa."

Alipokuja tena alileta kopo refu linalong'aa. Juu yake kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye kidevu kama kimechongwa. Lilikuwa povu la kunyolea.

Jumamosi ikafika. Fundi akabonyeza kopo. Pssss! Povu likatoka, likavimba, likajaa kiganjani kama kitu chenye uhai.

"Yallah! Angalia linavyopanda!" akasema mzee. "Hata hamira yangu haifanyi hivi."

"Nikupake kidogo au jingi?"

"Jingi! Kopo si letu?"

Fundi akabonyeza tena, na tena. Alipomaliza, kichwa cha mzee hakikuonekana. Ulikuwa mlima mweupe wenye masikio mawili. Povu lilinukia manukato makali yaliyochanganyika na mnanaa.

"Lina baridi," akasema mzee. Akakunja nyusi. "Sasa linachoma."

"Vumilia. Vitu vya kisasa ndivyo vilivyo."

Akachukua wembe. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Wingu limeshuka nyumbani kwetu, lakini halina mvua."

Wembe ukaanza safari yake, mzee akanyamaza. Fundi alinyoa kama alivyozoea. Alifika kisogoni. Alidhani kinundu kiko mbele kidogo. Wembe ukakwama, kama mkasi unapokutana na pini ndani ya kitambaa. Mzee hakusema neno. Hakusogea. Fundi akaendelea hatua moja zaidi, na ndipo akaona povu jeupe linageuka kuwa jekundu.

"Mungu wangu! Nimekukata! Mbona hukusema?"

"Wembe ulikuwa kichwani," akajibu mzee kwa sauti ndogo.

Fundi akatupa wembe kwenye kikombe. Huku machozi yakimtoka, akasafisha kwa maji, akachukua kitambaa safi, akakandamiza. Damu ilichelewa kukatika, lakini ilikatika. Kesho yake kisogo kizima kilikuwa na vipele vyekundu. Kofia ya kazi ilivisugua, na jasho la tanuri likazidi kuvichoma.

"Si kitu," mzee alisema kila alipoulizwa. "Si kitu kabisa."

Jumamosi iliyofuata, Fundi alitoa kigoda uani kama kawaida. Mzee alikuja amevaa kofia. Hakukaa.

"Mke wangu," akasema polepole, "wewe pumzika. Leo nitakwenda kwa kinyozi."

Mzee alikuwa ameona jinsi mkewe alivyolia siku ile, na hakutaka alie tena. Lakini hilo hakulisema. Na Fundi alisikia jambo jingine kabisa. Alisikia: mikono yako imezeeka.

Akarudisha kigoda ndani. Tangu siku hiyo nyumba ikapoa. Fundi hakutega tena kitendawili. Mzee naye alikuwa anavaa kofia mchana kutwa, hata mezani, na usiku hata kitandani. Kwenye cherehani Fundi alianza kujiogopa. Mteja alipoleta kitambaa kizuri cha gauni, alikichora chaki, akashika mkasi, akauweka chini. Akaushika tena, akauweka tena. "Nimkatie mtu kitambaa chake kwa mikono hii?" akajiuliza. Akamwambia mteja arudi wiki ijayo.

Hapo ndipo alipoona mambo hayaendi. Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye saluni ya pembeni mwa mtaa. Kinyozi wa hapo alikuwa mwanamke kijana, mcheshi, na mikono yake ilikuwa na kazi muda wote. Siku hiyo alikuwa peke yake, anafagia nywele.

"Hodi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona aliyeninyang'anya kichwa cha mume wangu."

Kinyozi akasimama na ufagio wake. "Kichwa gani tena, mama?"

"Cha Mzee Unga. Sikugombi. Nataka tu unionyeshe unavyofanya, mpaka wewe humkati."

"Mama, mbona mimi kichwa hicho sijakigusa?"

"Hakuja hapa?"

"Alikuja. Akakaa kwenye kiti hiki hiki. Nikamfunga shuka shingoni, nikashika wembe. Akafumba macho, akaniambia, 'Haya, tega.' Nikamwuliza, nitege nini mzee, panya? Akafumbua macho. Akajitazama kwenye kioo. Akasema, 'Samahani, mwanangu. Nimekosea mlango.' Akavaa kofia yake, akaondoka."

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Kwa hiyo zile nywele..."

"Ziko chini ya kofia, mama. Zitakuwa wapi kwingine?"

Fundi alitaka kucheka, lakini machozi yakatangulia. Akaeleza yote. Kopo, wingu, kinundu, damu. "Mikono imezeeka, mwanangu. Imekwisha."

Kinyozi hakumpinga. Alivuta droo, akatoa sindano na uzi. "Mfuko wa aproni yangu umefumuka. Hebu nitungie uzi huu."

Fundi akaushika uzi, akaulowesha, akautunga. Mara moja tu.

"Hii ndiyo mikono iliyozeeka?" akauliza Kinyozi. "Mimi hapa ningekuwa bado nachoma hewa. Sasa niambie. Ukikata kitambaa, unachora chaki kwanza, sivyo?"

"Lazima. Nisipoona mstari nitakata nini?"

"Mtu akimwaga unga juu ya ule mstari, utakata?"

"Nitakata vidole vyangu!"

"Basi ndicho ulichofanya, mama. Ulifunika kinundu kwa povu, halafu ukakitafuta kwa wembe. Hata mimi ningemkata."

 Fundi akaitazama mikono yake, upande huu na upande ule, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimepotea.

"Kumbe lile povu ni baya," akasema.

"Si baya. Ila halikifai kichwa kile. Unapochagua kitu cha kunyolea, kiulize kichwa kwanza, usiiulize picha iliyo kwenye kopo. Kichwa kisicho na vinundu wala makovu, kwake povu au krimu nzito ni sawa. Krimu nzito inalainisha nywele, na inaifaa ngozi kavu. Lakini kichwa chenye kinundu, kovu au mikunjo kinataka jeli inayopitisha macho. Unaipaka, na bado unaona ngozi iliyo chini yake, kama unavyoona kupitia maji."

"Na ule moto alioulalamikia?"

"Manukato hayo, pamoja na mnanaa. Wengine hawadhuriki. Wengine wanawaka kama wamepakwa pilipili. Tafuta jeli isiyo na manukato. Na ukiona imeandikwa ina spiriti, irudishe rafuni. Spiriti inakausha."

"Kama sabuni yetu."

"Kama sabuni yenu. Sabuni ya kuogea imetengenezwa kuondoa mafuta ya ngozi. Jeli ya kunyolea imetengenezwa ili wembe uteleze. Hizo ni kazi mbili tofauti."

Kinyozi akaegemeza ufagio ukutani. "Mama, kuna jambo kubwa kuliko yote hayo. Kile kinundu mmekionyesha zahanati?"

"Hapana. Damu ilikatika, tukaona yameisha."

"Nendeni. Kinundu kilichokatwa kinatazamwa na daktari, si kinyozi. Na asinyolewe mpaka vipele vipone."

Fundi alirudi nyumbani akitembea haraka kuliko alivyokwenda. Alimkuta mzee mezani, anakunywa chai, kofia kichwani. Akasimama nyuma yake, mahali pake pa siku zote.

"Kitendawili!"

Mzee akashtuka, chai ikamwagika kidogo. Alikuwa hajalisikia neno hilo kwa muda mrefu. "Te... tega!"

"Kuna shamba nyumbani kwetu. Mwenyewe anasema limevunwa, kumbe mazao yako chini ya paa."

Mzee akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Nani kakwambia?"

"Kinyozi. Vua."

"Mke wangu..."

"Vua, Baba. Nimeshazeeka, usinikimbize kuzunguka meza."

Akavua. Nywele nyeupe zilikuwa zimesimama kila upande, kama kifaranga aliyetoka kwenye yai sasa hivi. Fundi akacheka mpaka akashika meza. Mzee naye akacheka, kwanza kwa aibu, kisha kwa raha.

"Zinaniwasha hizi, nakufa," akakiri. "Kule kazini nachovya kofia kwenye maji."

"Kwa nini hukunyolewa?"

"Yule binti hana neno, na saluni yake ni safi. Lakini alivyoshika wembe sikujua nipumue wakati gani. Na hapa sikutaka kukurudisha kwenye kilio."

"Nami nilidhani umeikataa mikono yangu."

"Mikono yako? Ningeikataa hiyo, ningekaa kimya ule wembe ulipokwama?"

Kesho yake walikwenda zahanati. Muuguzi alikitazama kinundu kwa taa. "Kimepona vizuri," akasema. "Lakini mkiona kinakua, kinabadilika rangi, au kinatoa damu chenyewe, msingoje. Rudini." Vipele akasema viachwe vipone bila kuvikuna.

Vilipopona, wakaenda dukani pamoja. Rafu ilijaa makopo na chupa. Mzee akaanza kunusa kimoja kimoja.

"Hii! Inanukia kama bwana arusi."

"Irudishe. Unakwenda kukanda mkate, huendi kuoa."

"Na hii tyubu? Imeandikwa 'laini'."

Fundi akavaa miwani. Alisoma mpaka shule ya msingi tu, lakini herufi hazimtishi. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. "Krimu... ya kuondoa... nywele. Loo! Baba, weka chini!"

"Kwani sisi hatuondoi nywele?"

"Hii haitumii wembe. Ina dawa ya kuziyeyusha nywele. Ukiiacha kichwani kama jeli, itakuchoma."

"Mbona zinafanana hivi, kama mapacha?"

"Ndiyo maana kuna maandishi."

Wakatafuta tena. Chini kabisa palikuwa na chupa ndogo, haina picha ya mtu yeyote. Iliandikwa: jeli ya kunyolea, haina manukato, haina spiriti, haitoi povu. Fundi akaigeuza. Jeli ilikuwa kama maji yaliyolala. Kidole chake kilionekana upande wa pili.

"Hii," akasema.

Hawakuitumia siku ile. Fundi alipaka tone dogo nyuma ya sikio la mzee, akaacha mpaka kesho yake. Pangewasha, wangeiacha. Hapakuwasha, hapakuwa na wekundu.

Jumamosi alasiri, kigoda kikarudi uani. Kwa kuwa nywele zilikuwa zimerefuka, Fundi alizipunguza kwanza kwa mkasi. Kisha akalowesha taulo kwa maji ya vuguvugu, akakifunika kichwa cha mzee na kukiacha kilainike.

"Kama donge," akasema mzee kutoka ndani ya taulo. "Umenifunika nilale."

"Ukiamka usinenepe tu."

Akapaka jeli, safu nyembamba. Akainama kutazama. Aliona kila kitu. Kovu la utotoni. Mkunjo wa shingo. Na pale, upande wa kushoto, kinundu chake cheusi, kama rafiki aliyesimama mlangoni.

Akachukua wembe mpya. Hakuukandamiza. Aliupitisha kufuata upande zinakoelekea nywele, akausuuza, akaupitisha tena. Alipofika kisogoni, akasogeza uso karibu.  Wembe ukakizunguka kinundu, ukaendelea na safari yake.

Tik!

"Vipi, kinachoma?"

"Hakichomi. Endelea, mambo matamu haya."

Alipomaliza, alikiosha kichwa kwa maji ya baridi, akakikausha kwa kukigusagusa na taulo, bila kusugua. Akakipaka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Kichwa kikang'aa mpaka dirisha likaonekana ndani yake. Jumatatu yake akamkatia mteja wake lile gauni, mstari umenyooka kama reli. Na tangu walipoanza kutumia jeli ile, kitambaa cha Fundi kikipita kwenye upara wa mzee baada ya kuoga, hakitoki na vumbi jeupe. Likionekana, basi ni unga kweli.

Lakini siku hiyo ya Jumamosi, kabla hajainuka kigodani, mzee alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Kitendawili!" akasema yeye.

Fundi akashangaa. "Wewe? Haya, tega!"

"Nina nyumba isiyo na kufuli. Fundi wake ni mmoja tu. Akija mwingine kugonga, namwambia amekosea mlango."

Fundi alisuuza wembe polepole. Jibu alikuwa nalo, lakini hakulitoa haraka. Aliukausha wembe, akauweka mahali pake. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kile kichwa laini, akakiacha hapo.

"Hiki," akasema.

"Umepata," akajibu mzee, na hakusogea.